Tunda Tulilolizika Lambwe

Ndugu yangu mdogo tulimzika mara mbili, na mara ya kwanza hakuwepo.

Mara ya kwanza ndani ya sanduku kulikuwa na tunda la mwegea, lile refu zito ambalo sisi Wajaluo tunaliita yago. Desturi yetu ni hiyo. Mtu akipotelea ziwani au vitani na mwili usionekane, wazee wanakata yago, wanalivika shati la marehemu, wanalizika, na matanga yanakwisha. Ni desturi ya huruma, siikatai. Mtu aliyemezwa na maji, mama yake utamwambia asubiri mpaka lini? Lakini ndugu yangu hakupotea. Nilijua alipo. Kila mtu alijua alipo. Alikuwa chini ya shimo la dhahabu huko Migori, nyuma ya kifusi, na mwenye shimo ndiye aliyenunua sanduku la kuwekea tunda.

Sitataja majina. Si woga. Wenyewe wanajijua kwa kazi zao, nami nitawataja kwa kazi zao: mwenye shimo, mchungaji, fundi wa magogo. Mimi nilifika darasa la tano tu, kwa hiyo nikikosea maandishi mnisamehe. Neno hilo, kusamehe, ndilo lililonikalisha chini niandike.

Tulitoka kwetu Lambwe sisi wawili. Mahindi yalikuwa yamekauka misimu miwili, na ng'ombe aliyebaki alikuwa wa maziwa ya mama. Watu walikuwa wanasema Migori ukichimba kwa bidii unarudi na mabati ya nyumba. Sisi tulirudi, mmoja kwa magongo, mwingine kwa tunda.

Tulipanga chumba kimoja Suna, pale Migori mjini, na asubuhi tunapanda pikipiki mpaka kwenye vilima vya mashimo. Chini kulikuwa na Wajaluo, Wakuria, na Watanzania waliovuka mpaka, kwa hiyo lugha ya shimoni ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Mambo haya yalitokea kwa Kiswahili. Nikiyaleta kwa Kijaluo yanageuka kuwa maombolezo, na mimi sitaki kuomboleza. Nataka kusema.

Kwa asiyejua: ukifuata mwamba wenye dhahabu chini ya ardhi, huchimbi wote. Unaacha sehemu zimesimama zishike dari. Tunaziita nguzo. Shida ni kwamba nguzo ni mwamba uleule, na dhahabu iliyomo ni ileile, tena inakukodolea macho kila siku unapopita na karai lako la mawe. Mchimbaji yeyote atakwambia nguzo ndiyo imenona kuliko kila mahali. Labda ni kweli, labda ni vile hairuhusiwi.

Fundi wa magogo alikuwa Mkuria mwenye kifua kikubwa na mdomo usiopumzika. Kazi yake ilikuwa kukata mikaratusi na kuisimamisha chini ili dari isishuke. Tulimwita mura, kama wao wanavyoitana vijana, ingawa ujana ulikuwa umeshampita. Yeye alituita wote shemeji, hata sisi ambao hatukuwa na dada.

"Shemeji," alikuwa akituambia, "ukisikia gogo linalia, usiulize linamlilia nani. Toka."

Siku hiyo mwenye shimo alishuka mwenyewe, jambo ambalo hakulipenda maana viatu vyake vilikuwa vya ngozi. Akaimulika nguzo kubwa kwa tochi yake, juu mpaka chini, kama mtu anayenunua fahali.

"Hii kitu imenona. Mnaiacha ya nini? Mnafuga?"

"Bosi," fundi akasema, "hiyo imebeba kichwa ya sisi wote."

"Wewe kazi yako ni magogo. Simamisha magogo mbili hapa kando, hawa wapunguze kiuno yake kidogo."

"Magogo mbili tu?"

"Ama nikuletee msitu?"

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Fundi akasimamisha magogo yake mawili, akayapiga teke, akasema yatashika, kisha yeye na bosi wakapanda juu. Ndugu yangu akachukua nyundo na tindo kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Mimi nikashika tochi. Sehemu yangu katika jambo hili ni tochi. Naiweka hapa mapema ili mtu asije akaniuliza huko mbele, na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa namulika.

Mchungaji naye alikuwa na sehemu. Kila Jumatatu alikuja pale juu, akaipaka winchi ya kutushushia mafuta ya upako, akaomba kwa sauti damu ya Yesu iwe paa letu, kisha akapewa mfuko wake wa mawe ya dhahabu akaondoka nao kwa pikipiki. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Paa letu lilikuwa limeombewa asubuhi.

Sikusikia gogo likilia. Labda lililia, lakini nyundo ilikuwa inapiga. Kitu kilinisukuma mgongoni kama ng'ombe, tochi ikanitoka, giza likaniingia mpaka mdomoni. Nilipoacha kukohoa nikaona mguu wangu wa kulia hauji. Jiwe lilikuwa limeulalia. Mbele yangu, pale alipokuwa ndugu yangu, nikapapasa nikakuta ukuta wa kifusi ambao haukuwepo.

Giza la shimoni silo la usiku. Usiku una mbwa, una nyota, una jirani anayekohoa. Lile halina kitu. Unafungua macho, unafumba, ni mamoja.

Halafu nikamsikia nyuma ya kifusi.

"Omera," aliniita, yaani kaka. "Uko?"

"Niko. Mguu umebanwa."

"Heri wewe ni mguu. Mimi ni kila kitu." Akacheka kidogo, akakohoa. "Tochi iko wapi?"

"Imeanguka."

"Kazi moja tu tulikupa."

Alikuwa mtu wa mzaha. Alizaliwa hivyo. Tuliongea, tukanyamaza, tukaongea tena. Aliniuliza kama namwona. Nikamwambia namwona vizuri, amenenepa. Baadaye sauti yake ikawa ndogo, na akaacha Kiswahili. Akasema kwa lugha yetu, "Kik iweya ka." Usiniache hapa. Nikasema sikuachi. Hilo ndilo neno nililompa, na ukimpa mtu neno kule chini analitegemea kama kamba.

Baada ya hapo hakusema tena. Aligonga. Nyundo kwenye mwamba mara tatu, anapumzika, mara tatu tena.

Fundi wa magogo ndiye aliyeshuka kunitoa. Alikuja akitambaa kwa tumbo, na kamba kiunoni, akalisukuma lile jiwe kwa mtaimbo mpaka mguu ukatoka, au kile kilichokuwa kimebaki cha mguu. Nikamshika shati. "Mura, yuko hai. Anagonga. Sikiliza." Akaliweka sikio lake kwenye kifusi. Nilimwona akiliweka, taa yake ya kichwani ikimulika ukutani. Kisha akanifunga kamba chini ya kwapa, akaivuta wanivute. Nilizimia nikiwa njiani kwenda juu.

Nilipozinduka nilikuwa hospitalini Migori, mguu una vyuma. Nikauliza ndugu yangu yuko wapi, wakanitazama kama mtu anayeuliza ya jana. Walikuwa wameacha kuchimba siku ileile. Mvua ilinyesha, maji yakaingia shimoni. Polisi walikuja, wakaandika yao, wakaenda.

Mwenye shimo alikuja kuniona na mkate na soda. Mchungaji nyuma yake.

"Alikuwa anagonga," nikasema.

"Pole sana," mwenye shimo akasema. "Hakukuwa na sauti. Mtu akipigwa kichwa anasikia mengi."

"Muulize fundi."

"Si nilimuuliza?"

Fundi alipokuja siku nyingine nilimuuliza mwenyewe. Nikasema, mura, si ulisikia? Aliangalia vile vyuma vya mguu wangu. Yeye, mwenye mdomo ule, akasema tu, "Pumzika kwanza, shemeji." Nikajua amefungwa mdomo. Nikajua alimwambia bosi wake kuna mtu hai, na bosi akaamua kwamba mtu mmoja hana thamani ya kuangusha shimo zima. Hivyo ndivyo nilivyojua. Na hasira yangu yote nikaipeleka kwa mwenye shimo, nikamlundikia.

Nyumbani walikuwa wananisubiri. Ukoo ulikuwa umekaa. Mke wa ndugu yangu alikuwa amefungiwa kwa desturi: mjane ambaye mume wake hajazikwa haingii nyumba ya mtu, hata kuomba moto. Na mume hayupo wa kuzika. Wazee wakasema basi tukate yago, mjane huyu afunguliwe. Mwenye shimo aliposikia alifurahi mpaka akalipia sanduku, maturubai na viti. Nikamwambia baba yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa kiti cha wazee, kwamba yago ni la waliopotea.

"Jaduong'," nikasema, yaani mzee wangu, "huyu hajapotea. Naweza kukupeleka mpaka juu ya kichwa chake."

"Unaweza kunipeleka. Unaweza kumtoa?"

Nilikuwa na magongo.

Walilivika lile tunda shati lake la Jumapili, la bluu, wakalifunga vifungo. Mama alikaa kando ya sanduku bila kulia. Akina mama wa kanisa walimbembeleza alie kidogo, watu wanaangalia. Akasema, "Nilizaa mtu. Sikuzaa mti."

Mchungaji alitoka Migori kuja kuhubiri. Nilimsikiliza neno kwa neno, maana nilitaka kujua Mungu anasema nini juu yetu. Alifungua pale Maandiko yanaposema kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe. Akasema mpendwa wetu alikuwa kijana wa bidii, lakini vijana wana tamaa. Nguzo haikuanguka yenyewe. Nani alishika nyundo? Hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Tumwachie Mungu, tusitafute wa kulaumu, maana kulaumu ni kazi ya shetani.

Nikajiuliza, kama kulaumu ni kazi ya shetani, sasa hivi wewe unafanya ya nani? Usiku nikamwomba mtoto wa jirani Biblia yake nikautafuta ule ukurasa. Mistari mitatu tu juu ya ule aliosoma, imeandikwa mchukuliane mizigo. Aliuruka. Jicho lake lilipita hapo kama pikipiki inayopita kituo cha polisi.

Tukalizika tunda. Wakaweka msalaba wenye jina lake. Mjane akafunguliwa. Watu wakala, wakarudi makwao, na kuanzia siku hiyo kila aliyenisikia nikimtaja ndugu yangu alisema, lakini si mlishamzika?

Ningebaki hivyo mpaka leo kama si wachimbaji wenyewe. Shimo lile halikupata watu. Kwenye vilima vile kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: shimo lililoua haliingiwi mpaka yule aliyetoka humo hai arudi apige nyundo ya kwanza, kwa moyo mweupe. Kama ana kinyongo, shimo linamalizia kazi yake. Wajaluo wanaamini hivyo, Wakuria wanaamini hivyo, na Watanzania walisema kwao ni vilevile. Mwenye shimo alileta watu kutoka mbali, wakakaa kidogo, wakaambiwa na wenzao, wakaondoka na vyombo vyao.

Kwa hiyo mchungaji akaja tena Lambwe. Safari hii alikuja peke yake, akakubali uji.

"Ndugu, kutakuwa na ibada ya shukrani Migori. Bwana alikutoa kaburini, na wewe hujashuhudia. Simama tu mbele ya watu, useme umemsamehe mwenzako, mwenye shimo. Halafu tunaenda pamoja shimoni, unapiga nyundo, tunafunga kitabu."

"Kwanza amtoe ndugu yangu. Halafu nitaangalia kama nina msamaha."

"Msamaha haungoji, ndugu. Kristo alitusamehe kabla hatujatubu."

"Na ule mnara?"

"Mnara gani?"

"Wa Siloamu. Ulioangukia watu kumi na wanane. Yesu alisema hao hawakuwa wenye dhambi kuliko wengine. Wewe ulisema ndugu yangu alikuwa na tamaa."

Akatabasamu vile wanavyotabasamu kwa mtu wa darasa la tano. "Lakini umalizie. Alisema msipotubu mtaangamia vivyo hivyo."

"Alikuwa anaambia akina nani? Waliofunikwa ama waliosimama?"

Akanywa uji.

"Na jambo lingine linanisumbua," nikasema. "Mwenye mnara ule hatajwi. Mnara haukujijenga. Nimetafuta jina lake, hakuna."

"Wewe una roho ya uchungu," mchungaji akasema, akainuka. Akiwa mlangoni akageuka, na hapo ndipo akautoa mtego wenyewe. "Shimo likifunguliwa, pampu italetwa. Maji yatatoka, kifusi kitasogezwa. Wewe utakuwa ndani. Nani atakuzuia kumchukua ndugu yako? Lakini bila kazi hakuna pampu. Mwenye shimo hawezi kuleta pampu kwa sababu ya mtu aliyekwisha kuzikwa."

Nilikaa na hilo. Nikisema ukweli, kwamba sijamsamehe, ndugu yangu anabaki majini. Nikisema nimesamehe, nimesimama madhabahuni mwa Mungu nikadanganya, na yule mtu anatoka msafi, tena kwa mdomo wangu. Niligeuka huku, ukuta. Nikageuka huku, ukuta. Nilikuwa nimeshakaa mahali kama hapo, nilipajua.

Mama ndiye aliyeniuliza siku hizi mbona silali. Nikamweleza.

"Sema tu," akasema.

"Mama, ni uongo. Kanisani."

"Mungu anajua shimo ni refu kiasi gani. Sema."

"Nikisema, atakuwa amesamehewa."

"Mdomo ni wako, mtoto ni wangu. Nenda uniletee mtoto wangu. Mengine wewe na Mungu mtaongea, mna wakati."

Basi nikaenda. Kanisa lilijaa mpaka nje, maana wachimbaji wote walikuja kuona kama ni kweli. Fundi wa magogo alisimama ukutani nyuma, kofia mkononi. Kwaya iliimba. Nikaitwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, ya tochi na ya nguzo na ya magogo mawili, kila mtu na mzigo wake, nikiwagawia mmoja mmoja hapo hapo. Nikaona mwenye shimo amekaa mstari wa mbele katika suti, amefumba macho, machozi tayari. Nikajua nikianza na magogo, pampu haiji.

Nikasema, "Nimemsamehe."

Neno moja. Watu wakapiga makofi. Mwenye shimo akaja akanikumbatia, magongo yangu yakaanguka, akaninong'oneza, "Asante ndugu yangu, umeniondolea jiwe kifuani." Alinukia manukato. Nikafikiri, lako limetoka kifuani, letu liko palepale.

Kutoka pale mpaka leo sijashiriki meza ya Bwana. Chakula kile si cha mtu aliyetumia neno lile kama ufunguo wa kufuli.

Tulikwenda shimoni, nikapiga nyundo ya kwanza mbele ya wote. Pampu ikaja. Ilinguruma mchana kutwa, ikatapika maji mekundu bondeni. Maji yalipokwisha, wengine walielekea upande wa mwamba mpya. Mimi, na mguu wangu huu, niliteremshwa kwa kamba nikaelekea kwenye kifusi. Nilitegemea kuwa peke yangu. Fundi wa magogo akanifuata na magogo, si mawili. Alisimamisha magogo mengi kuliko niliyowahi kuona mahali pamoja. Hakuniita shemeji hata mara moja. Mwenye shimo alipopiga kelele kutoka juu kwamba magogo yanaharibiwa bure, fundi akasimamisha jingine.

Tulisogeza jiwe baada ya jiwe. Sitaeleza tulichokikuta. Nitasema tu kwamba nyundo ilikuwa bado imo mkononi mwake, na ukutani kando yake, pale alipokuwa akigonga, mwamba ulikuwa umemeguka kijisahani cheupe. Mara moja au mbili hazimegui mwamba hivyo. Aligonga muda mrefu. Aligonga baada ya mimi kutolewa.

Nikakigusa kwa kidole. Nikamwambia fundi, "Unaona? Walisema nimepigwa kichwa." Nilimulika uso wake nikitaka tufurahi kidogo pamoja kwa kuwa ukweli umepatikana. Aligeuza uso akaanza kukunjua turubai la kumbebea.

Tulimpeleka Lambwe. Wazee walifungua kaburi, wakalitoa tunda. Lilikuwa limeoza ndani ya lile shati la bluu. Baba yangu mkubwa alilibeba mwenyewe akalitupa kichakani bila kutazama nyuma, na mama, ambaye hakulia mara ya kwanza, alilia mpaka tukamshika. Mwenye shimo hakuja. Alituma salamu kupitia kwa mchungaji, na mchungaji naye alituma salamu kwa simu.

Fundi wa magogo alikuja. Alitoka mbali. Watu walipoanza kurudisha udongo alinisogelea, tukawa kando ya ule mlima wa udongo, tunaangalia chini.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Ile siku. Niliweka sikio. Alikuwa anagonga." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Nikatoka juu, bosi akaniuliza, kuna sauti? Nikasema hakuna."

Sikumwelewa mara moja. Nadhani sikutaka.

"Magogo yangu yaliyobaki yalikuwa yanalia, ndugu yangu. Ningesema kuna sauti, angenirudisha chini. Nilijua hayatashika. Yale mawili ya kwanza nilijua hata wakati nayapiga teke. Nikasema hakuna sauti, wakaacha. Bosi hakujua. Ni mimi."

Mwenye shimo nilikuwa nimembebesha dhambi hiyo pamoja na zake zote. Zake zilibaki, na ni nzito: nguzo ni yake, magogo mawili ni yake, sanduku la tunda ni lake. Lakini hii haikuwa yake. Hii ilikuwa imesimama mbele yangu na kofia mkononi, na ndiyo iliyonitoa mimi kwa tumbo, na ndiyo iliyonisaidia kumtoa ndugu yangu.

"Nisamehe," akasema. "Sina lingine."

Nililitafuta. Nasema kweli mbele za Mungu nililitafuta. Lakini neno lile nilikuwa nimeshalitoa Migori, kwa mtu asiyeliomba, ili nipate pampu. Sasa aliyeliomba amekuja, nami nikafungua mdomo, ukawa mkavu. Wangekuwa wamenifundisha kanisani kwamba neno hilo ukilitumia kwa uongo halirudi haraka, ningejihadhari. Hawakunifundisha. Walipiga makofi.

Nikachukua koleo kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, nikampa yeye. "Funika," nikasema.

Alifunika. Wengine walipotaka kumsaidia aliwakataa kwa kichwa. Alitupa udongo mpaka shati likamganda mgongoni, mpaka kaburi likawa na mgongo wake, na mimi nikasimama pale mpaka akamaliza.

Jioni mama akaniuliza yule Mkuria aliniambia nini. Nikamwambia yote, sikumficha. Alichambua maharagwe, akatoa mawe, akaweka mawe upande.

"Anajua kulima?" akauliza.

"Ni Mkuria, mama. Wana ng'ombe."

"Basi aje alime. Wewe huna mguu na yule wangu hayupo."

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Nilimpigia simu nikamwambia mama anasema uje ulime, nikingoja atoe sababu. Mvua zilipokaribia alitokea na ng'ombe wawili na plau. Amekuja kila msimu tangu hapo. Mama anampa uji, wanaongea Kiswahili chao kibovu juu ya mbegu na kunguru. Mwenye shimo, ambaye ana msamaha wangu mbele ya kanisa zima, hajawahi kukanyaga Lambwe. Nikikutana naye sokoni Migori ananiita kwa sauti, "Ndugu yangu wa imani!" na watu wanageuka.

Fundi hajaniomba tena. Tunalima. Mimi natangulia mbele ya ng'ombe nikiwavuta, kwa kuwa kazi hiyo mguu wangu unaiweza, naye anashika plau nyuma. Namsikia akipumua. Kaburi liko mwisho wa shamba, na tukilifikia lazima tugeuze ng'ombe, na tukigeuza tunakutana uso kwa uso. Hapo ndipo lile neno hunipanda mpaka kooni. Ananiangalia, anangoja. Halafu ng'ombe wanamaliza kugeuka, nami nawavuta, tunaanza mstari mwingine.